Tairi moto, mtungi baridi: Kanuni za gesi barabarani na jikoni

MSAFIRI anayemaliza maji ya kunywa akiwa Nairobi, akaifunga chupa tupu ya plastiki kwa nguvu na kuisahau ndani ya begi, huikuta imebonyea pindi anapofika Mombasa. Hakuna aliyeikalia wala kuifinya. Mfuko wa viazi vya kukaanga ulionunuliwa Mombasa hufanya kinyume chake: ukifika Nairobi huwa umevimba kama mto uliojazwa pamba kupita kiasi.

Kilichobadilika katika safari hizo mbili ni hewa ya nje. Nairobi ipo takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko, yaani ule mgandamizo ambao mitaani huitwa presha, ni pungufu kwa karibu asilimia 17 ikilinganishwa na ya Mombasa. Hewa iliyofungiwa ndani ya chupa huko juu inaposhushwa pwani husongwa na hewa ya nje iliyo na nguvu zaidi, mpaka nguvu za ndani na za nje zilingane. Joto la Mombasa nalo hujaribu kuivimbisha chupa hiyo, lakini tofauti ya nyuzi kumi za joto huongeza ujazo wa hewa kwa asilimia tatu au nne tu, kwa hiyo hushindwa.

Katika mfano huo mdogo yamo mambo matatu yanayotawala tabia ya gesi yoyote iliyofungiwa: halijoto, kanieneo na ujazo. Ni mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja, na anayesogeza figa moja hawezi kutarajia mawili yaliyobaki yakae kama yalivyokuwa. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa uhusiano huo, hukariri, hufanya mtihani, kisha wengi wao huusahau. Baada ya hapo huendesha magari, hununua mitungi ya gesi ya kupikia, na huamua mambo kwa kukisia. Baadhi ya makisio hayo ni ya hatari.

Wa kwanza kutangaza uhusiano wa kanieneo na ujazo kwa vipimo vilivyoenea ulimwenguni alikuwa Robert Boyle, mwanasayansi aliyezaliwa Ireland mwaka 1627. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1662 alieleza jaribio lililotumia bomba la kioo lililopindwa mfano wa herufi J, ncha fupi ikiwa imezibwa na ndefu ikiwa wazi. Alimimina zebaki kupitia ncha ndefu, hewa ikanaswa ndani ya ile fupi. Alipoendelea kuongeza zebaki, hewa ile ilizidi kujibana. Zebaki ya upande mrefu ilipoizidi ya upande mfupi kwa takriban inchi 29, yaani karibu sentimita 74, hewa iliyonaswa ilikuwa imebaki nusu ya ilivyoanza.

Kipimo hicho cha inchi 29 hakikuwa cha kubahatisha. Ndicho kimo cha zebaki ambacho uzito wa hewa yote iliyo juu yetu unaweza kukibeba. Kwa hiyo Boyle alikuwa ameongeza mzigo wa pili uliolingana na ule wa hewa ya kawaida: kanieneo iliongezeka mara mbili, ujazo ukapungua hadi nusu. Ikiongezwa mara tatu, ujazo hubaki theluthi. Kwa haki, sifa hizo si zake peke yake, kwa kuwa Waingereza Richard Towneley na Henry Power walikuwa wamefanya vipimo vya namna hiyo kabla yake, na msaidizi wake alikuwa Robert Hooke, fundi hodari wa vyombo vya majaribio.

Asiye na zebaki anaweza kuionja kanuni hiyo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Ukiziba mdomo wake kwa kidole na kusukuma mchi, mwanzoni huingia kwa urahisi, kisha kila milimita hudai nguvu zaidi kuliko iliyotangulia.

Baharini kanuni hiyo ni suala la uhai. Kila mita kumi za maji huongeza mzigo unaokaribia uzito wa hewa yote ya juu. Mzamiaji anayejaza pumzi kifuani na kupiga mbizi hadi mita kumi huyashusha mapafu yake hadi nusu ya ujazo wa awali; akipanda, hewa ileile hurejea kwenye ujazo wake na hapati madhara kwa sababu hiyo. Anayepumua kutoka katika mtungi wa hewa mgongoni yuko katika hali nyingine kabisa. Huko chini huyajaza mapafu yake hewa iliyokwisha kugandamizwa. Akishtuka, akafumba mdomo na kupanda bila kutoa pumzi, hewa hiyo hutaka kuwa maradufu wakati mapafu hayana nafasi ya kuipokea, na yanaweza kupasuka. Ndiyo maana somo la kwanza kwa mzamiaji wa mtungi ni kutoizuia pumzi kamwe.

Upande wa joto ulichukua muda mrefu zaidi kueleweka. Mfaransa Guillaume Amontons, aliyekuwa kiziwi tangu ujana wake, aligundua mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba hewa iliyozuiwa isitanuke huongeza kanieneo yake kwa takriban theluthi moja inapopashwa kutoka joto la kawaida hadi joto la maji yanayochemka. Karibu karne moja baadaye Mfaransa mwenzake, Jacques Charles, alichunguza jambo linalofanana na hilo: gesi inayoachwa itanuke kwa uhuru huongeza ujazo wake kadiri inavyopashwa moto. Charles hakuchapisha matokeo yake. Joseph Louis Gay-Lussac ndiye aliyeyatangaza ya kwake mwaka 1802, naye alikuwa muungwana wa kutosha kueleza kwamba Charles alikwisha kuyaona hayo miaka 15 kabla yake.

Charles alijulikana zaidi kwa maputo. Agosti 27, 1783, puto lake lililojazwa hidrojeni, lisilo na mtu ndani, liliruka kutoka Paris mbele ya umati mkubwa. Lilikuwa limejazwa vizuri kabla ya kuondoka. Kadiri lilivyopanda, hewa ya nje ilipungua nguvu, gesi ya ndani ikatanuka bila njia ya kutokea, na puto likachanika. Lilianguka katika kijiji cha Gonesse, ambako wanakijiji walilidhani kuwa dubwana na kulishambulia kwa nyuma za shambani. Charles alijifunza. Puto alilolipanda yeye mwenyewe Desemba 1 mwaka huohuo lilikuwa na mdomo ulioachwa wazi chini na vali juu, ili gesi inayotanuka ipate pa kwenda.

Kutokana na vipimo vya Gay-Lussac na waliomfuata, ilibainika kwamba gesi iliyo katika nyuzi sifuri za Selsiasi hupungua kwa sehemu moja ya 273 ya ujazo wake kila joto linaposhuka kwa uzi mmoja, iwapo kanieneo haibadiliki. Hesabu hiyo ikiendelezwa chini hadi nyuzi 273 chini ya sifuri, ujazo wote unakwisha. Gesi halisi haifiki huko, kwa kuwa hugeuka kimiminika mapema, lakini kiwango hicho kikawa ndicho mwanzo wa kipimo kipya cha joto alichokipendekeza William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, mwaka 1848. Kwa kipimo hicho maji huganda katika 273 na chumba chenye nyuzi 27 za Selsiasi huwa na 300.

Jambo hili linaonekana kama mchezo wa namba, lakini ndipo wengi hukosea. Nyuzi 30 za Selsiasi si joto maradufu la nyuzi 15. Katika kipimo cha Kelvin ni 303 dhidi ya 288, yaani ongezeko la asilimia tano tu. Kanuni za gesi hazielewi lugha nyingine ya joto isipokuwa hiyo. Mwaka 1834 mhandisi wa Kifaransa, Émile Clapeyron, aliziunganisha zote kuwa kauli moja: kwa kiasi kilekile cha gesi, kanieneo ukiizidisha kwa ujazo na kugawanya kwa halijoto ya Kelvin, jibu halibadiliki.

Sababu yake imo katika chembe zenyewe. Gesi ni umati wa molekuli zinazokwenda mbio pande zote na kujigonga kwenye kuta za chombo, na kanieneo ni jumla ya mapigo hayo. Chombo kikiwa kidogo, molekuli hufika ukutani mara nyingi zaidi. Gesi ikipata moto, molekuli huongeza kasi, hivyo hupiga kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi. Daniel Bernoulli alikwisha kuandika wazo hilo mwaka 1738, lakini wenzake walichelewa sana kulikubali.

Sasa turudi barabarani. Ipo desturi ya baadhi ya madereva wa safari ndefu, wanapopumzika mchana wa jua kali na kukuta matairi yamekuwa magumu kama jiwe, kupunguza upepo ili, kwa maneno yao, tairi lisipasuke. Desturi hiyo inaonekana kuwa ya busara. Hesabu inasema vingine.

Chukua tairi lililojazwa alfajiri kwa kipimo cha PSI 32, joto likiwa nyuzi 25. Kwanza ieleweke kwamba kipimo cha gereji huonyesha ziada tu, yaani kiasi ambacho kanieneo ya ndani inaizidi ya nje. Hewa ya nje katika usawa wa bahari ni karibu PSI 14.7, hivyo kanieneo kamili ndani ya tairi ni 46.7. Baada ya mwendo wa saa kadhaa juu ya lami, hewa ya tairi ikifikia nyuzi 60, halijoto ya Kelvin huwa imepanda kutoka 298 hadi 333. Kwa kuwa tairi halitanuki sana, kanieneo hupanda kwa uwiano huohuo na kufikia 52.2. Ondoa ile ya nje, kipimo kitasoma PSI 37.5. Ongezeko ni la PSI tano na nusu, na watengenezaji wa matairi wanalijua na kulitarajia. Kiwango wanachoelekeza ni cha tairi baridi, nao wameacha nafasi ya kupanda huko.

Dereva akilipunguza tairi hilo la moto hadi lisome 32 tena, ametoa hewa ambayo haikuwa ya ziada. Usiku, joto likirudi nyuzi 25, kipimo kitasoma karibu PSI 27. Safari ya kesho yake itaanza na tairi lenye upungufu wa PSI tano.

Upungufu huo ndio hatari yenyewe. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja pembeni kila linapozunguka, maelfu ya mara katika kila safari, na kujikunja huko huzalisha joto ndani ya mpira. Joto likizidi, tabaka za tairi huanza kuachana, na hatimaye tairi hupasuka likiwa katika mwendo. Kwa maneno mengine, anayepunguza upepo kwa kuogopa joto analiongeza joto hilo. Jua la mchana hulaumiwa kwa mengi, lakini mara nyingi kosa lilianza alfajiri kwa kutopima upepo, au kwa kupakia mzigo kupita uwezo.

Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, wala si kiwango cha kujaza. Na gari linalotoka Mombasa kwenda Nairobi litaonyesha ongezeko la karibu PSI mbili na nusu hata kama joto la tairi halikubadilika, kwa sababu hewa ya nje imepungua. Ni habari ileile ya mfuko wa viazi.

Kuna pia gereji zinazouza naitrojeni kwa maelezo kwamba haitanuki kwa joto. Maelezo hayo si sahihi. Amedeo Avogadro wa Italia alipendekeza mwaka 1811 kwamba ujazo uliolingana wa gesi zozote, katika joto na kanieneo sawa, una idadi sawa ya molekuli, na kanuni hizi hazibagui gesi moja na nyingine kwa hali za kawaida. Isitoshe, hewa ya bure ni naitrojeni kwa asilimia 78. Faida ya kweli ya naitrojeni ni ukavu wake na kwamba huvuja polepole kidogo, na kila mwenye gari atajiamulia kama hiyo inastahili bei yake.

Jikoni mambo hugeuka, na anayedhani mtungi wa gesi ya kupikia ni tairi la chuma atapotea. Ndani ya mtungi huo hakuna gesi tupu. Kuna propeni na buteni zilizogandamizwa hadi zikawa kimiminika, na juu yake nafasi iliyojaa mvuke. Mvuke ukitumika, kimiminika huchemka na kuujaza tena, hivyo kanieneo hubaki karibu palepale tangu mtungi ukiwa umejaa hadi tone la mwisho la kimiminika. Kinachoiamua ni halijoto na mchanganyiko wa gesi hizo. Katika nyuzi 30, propeni tupu hufikia takriban mara 11 ya kanieneo ya hewa ya kawaida, ilhali buteni tupu haifiki mara tatu.

Kwa sababu hiyo ukali wa moto wa jiko hausemi lolote kuhusu kiasi kilichobaki. Mtungi unaotumika kwa moto mkubwa hupoa, wakati mwingine hata kutoa jasho au barafu upande wa chini, kwa kuwa kimiminika kinachochemka hunyonya joto kutoka kwenye chuma. Ukipoa, kanieneo hushuka na moto kufifia, mpishi akadhani gesi imekwisha. Kuna wanaoukalisha mtungi kwenye maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko ili uchangamke. Hapo ndipo panapotisha.

Kimiminika, tofauti na gesi, hakibanwi. Lakini hutanuka kikipata joto, na propeni na buteni hutanuka zaidi sana kuliko maji. Mtungi hujazwa hadi takriban asilimia 80 au 85 tu ya ujazo wake ili kimiminika kipate pa kutanukia. Mtungi uliojazwa pomoni hauna nafasi hiyo. Joto likipanda, kimiminika husukuma chuma moja kwa moja, na kanieneo haipandi tena kwa asilimia chache kama ilivyo katika tairi, bali huruka kwa kasi ambayo chuma hakiwezi kuihimili. Hesabu ya Boyle na Charles haitumiki hapo, kama alivyoonyesha Mholanzi Johannes van der Waals mwaka 1873 alipoeleza jinsi gesi zinavyoacha kutii kanuni hizo zinapokaribia kuwa kimiminika. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1910.

Jambo jingine ni ujazo. Lita moja ya kimiminika hicho ikivuja hugeuka takriban lita 250 za gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya mabondeni, kwenye mitaro na chini ya vitanda. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, ndani ya makazi ya watu. Watu kadhaa walifariki dunia na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka inayosimamia nishati na petroli nchini Kenya ilieleza baadaye kwamba maombi ya leseni ya kituo hicho yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023.

Ujazaji wa mitungi vichochoroni, bila mizani na bila mtaalamu, huvutia kwa bei. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya chuma, na akipewa zaidi ya alicholipia huenda akafurahi. Asifurahi. Uzito wa mtungi mtupu huchapwa kwenye mtungi wenyewe, karibu na mshikio au kwenye kola ya juu. Mtungi wa kilo sita uliojazwa sawasawa unapowekwa kwenye mizani ya duka lolote unapaswa kusoma uzito huo pamoja na kilo sita. Ukisoma pungufu, mnunuzi ameibiwa. Ukisoma zaidi, ziada hiyo imekalia nafasi iliyokuwa imeachwa kwa ajili ya mvuke.